Noheli Iliyoangukia Ndani ya Ramadhani

Kuna Noheli moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote tangu asubuhi mpaka watu walipokwenda kulala. Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya tisini, hapa hapa Gisenyi, mimi nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo mrefu. Usicheke. Mdomo ninao mpaka leo, wembamba ndio ulioniacha.

Nakuhadithia kwa sababu nimesikia mwaka huu hutaki kurudi nyumbani kwa sikukuu. Watu unawaambia una kazi nyingi huko Kigali. Mimi nimeishi vya kutosha kujua kazi ni ipi na kujificha ni kupi. Tangu mwezi wa kumi na mbili uingie unalala vibaya, unamkasirikia kila mtu, na ukisikia nyimbo za Noheli dukani unatoka nje kabla hujanunua ulichokifuata. Hii ni sikukuu ya kwanza tangu baba yako afariki, na unaiogopa. Bon, sawa. Maadamu umefika kwangu, kaa hapo, weka simu chini, nikuambie yaliyotukuta sisi.

Baba yangu alikuwa Mwislamu, muuza nyama, na bucha lake dogo lilikuwa karibu na soko. Mama yangu alikuwa Mkatoliki, mtoto wa Nyundo, kule milimani juu ya mji. Mimi na mdogo wangu Sifa, aliyekuwa na miaka minane, tulifuata dini ya baba. Lakini Noheli ilikuwa ya mama, na siku hiyo sisi wengine tulikuwa wageni wake. Kila mwaka baba alimwekea mbavu nzuri kabla hajawauzia wateja, na mama alizipika kwa ndizi na sombe, yale majani ya muhogo, akiimba nyimbo za kanisani jikoni huku baba akijifanya hasikii. Ramadhani ikija, mama ndiye aliyetupikia futari, na kwa kuwa yeye hakufunga, ndiye aliyeonja chumvi. Watu walituuliza tunaishije hivyo, nusu msikitini nusu kanisani. Tuliishi vizuri kabisa, na mchuzi wetu ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Mwaka ule mama alikufa. Aliugua ini, akalala hospitali kwa majuma machache, mvua kubwa zilipoanza akatuacha. Tulimzika mchana, kwa heshima, watu wengi wakaja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea. Miaka ile nchi yetu ilikuwa imejaa misiba. Kila ukoo ulikuwa na watu wake waliopotea, na wengi hawakujua hata pa kwenda kuweka maua. Ng'ambo ya uzio wetu wa miti aliishi jirani yetu Vestina, mwanamke wa makamo, ambaye katika mauaji ya kimbari alipoteza mume, watoto, wazazi na ndugu wote. Alibaki yeye. Alikuwa rafiki wa mama, walizoea kuchambua maharage pamoja wakizungumza juu ya uzio. Sasa fikiria, watu waliokuja kutufariji walituambia, "Nyinyi Mungu amewapenda. Mama yenu amekufa kitandani, na muko na kaburi." Walisema kwa nia njema, na walisema kweli. Ila sisi tulisikia kitu kingine. Tulisikia kwamba hatuna haki ya kulia.

Matanga yalipokwisha, baba aliniita uani akaniambia kwa sauti ya chini, "Amina, tusilie kwa nguvu. Pale ng'ambo iko mutu hakubakiza hata mutoto mumoja. Atatusikia. Sisi tutalia nini mbele yake?"

Nilikubali. Niliona ni maneno ya mtu mwenye heshima, na hata leo nasema yalikuwa maneno ya mtu mwenye heshima. Lakini yalitufunga midomo sote watatu. Jina la mama likatoka nyumbani. Nguo zake tulizifungia sandukuni, na kiti chake cha jikoni nilikisogeza nyuma ya mlango ili nisikione.

Mimi wakati ule nilikuwa na biashara ya kabichi na karoti. Nilizinunua kwa wakulima wa Nyakiriba, nikavuka nazo bariyeri ndogo ya mpakani kila asubuhi kwenda kuziuza Goma, upande wa Kongo. Njiani ndipo nilipolia. Mzigo ukiwa kichwani huwezi kujifuta machozi vizuri, kwa hiyo nilifika kwa askari wa mpaka uso umelowa, nikisema ni vumbi. Siku za mvua nilisema ni mvua. Hawakuniuliza mara mbili, maana siku zile kila mtu alivuka na mambo yake.

Ramadhani ikaingia siku chache kabla ya Noheli. Hapo ndipo hofu iliponishika. Baba alifunga kama kawaida, lakini jua likizama alikunywa maji, akala tende moja, akagusa uji, akasema, "Mi nimeshiba." Halafu alikwenda kulala. Daku ndiyo kabisa, nilimwamsha akageukia ukutani. Mashati yake yakawa yanamning'inia. Na wiki hiyo ndiyo ya kazi kubwa kwa muuza nyama wa hapa, kwa sababu mji wote unataka nyama ya Noheli, na watu wanasimama mlangoni tangu alfajiri wakigombea mapaja na maini. Alisimama pale tangu asubuhi akiwakatia wenzake sikukuu yao, yeye tumbo tupu. Siku moja kisu kikateleza, akajikata kidole gumba. Nilimfunga kitambaa nikamsihi aende kupumzika. Akasema, "Watu wanataka nyama yao," akaendelea kukata.

Nilimtazama mgongoni nikaogopa. Niliona wazi kwamba akiendelea hivi, kabla ya Bonane, mwaka mpya, nitamzika pembeni ya mama, nibaki na mtoto wa miaka minane. Hilo ndilo lililokuwa likiniamsha usiku, mwanangu, si kitu kingine.

Na mimi mwenyewe, je? Mimi nilikuwa nakimbia. Naamka kuwasha makaa ya daku, naenda Nyakiriba, navuka Goma, narudi, nafua, napika, natabasamu. Majirani walinisifu, "Huyu Amina ni mwanaume." Nami nilizipenda sana hizo sifa, mjinga mimi. Kichwa kiliniuma kuanzia asubuhi mpaka jioni na sikumwambia mtu. Jioni moja Sifa alinishika kitenge akaniuliza, "Dada, Noheli ya mwaka huu iko ama haiko?"

Nikamjibu, "Noheli ilikuwa ya mama. Nyamaza, baba atasikia."

Hakuuliza tena. Alikwenda akakaa nje, na afadhali angebishana nami.

Nilingoja kuona kama baba ataleta mbavu. Nilisema moyoni, akizileta nitajua anataka, nitapika. Hakuzileta. Basi nikaamua kwamba hataki Noheli kwa sababu ni Ramadhani na mwenye Noheli hayupo. Kumuuliza sikumuuliza. Sisi watu wa hapa tunajua sana kuheshimu ukimya wa mwenzetu, wakati mwingine tunauheshimu mpaka unamuua.

Siku yenyewe ikafika. Ilikuwa Ijumaa. Baba alikwenda buchani mapema, kisha msikitini. Mchana umeshapita nusu, nipo uani nachochea makaa, nikasikia fimbo inagonga mlango wa bati. Alikuwa Nyogokuru, mama mzazi wa mama, amevaa nguo zake za misa, viatu ameshika mkononi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Usidhani ilikuwa safari ndogo. Mwaka ule barabara ya Nyundo iliogopwa. Vita vilikuwa bado milimani, watu walitembea mchana tu, tena kwa makundi, na jioni barabara ilibaki tupu. Bibi wa umri ule alitoka misa ya asubuhi, akaungana na wanawake waliokuwa wakishuka mjini, akateremka kwa miguu. Nilimpokea viatu nikamwambia, "Nyogokuru, sasa utarudi saa ngapi?"

Akasema, "Sirudi. Leo nalala hapa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Inabidi nikueleze, kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnatazama mpira. Zamani kwetu mama mkwe na mkwe wake waliheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja. Mama wa mke haonekani akitafuna mbele ya mume wa binti yake, ni aibu kubwa. Nyogokuru alipokuwa akija kumwona mama, alikaa uani upande wa jikoni, akasalimiana na baba bila kumtazama usoni, na jua likiwa bado juu akaondoka. Miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuingia sebuleni kwetu. Na kulala, hata usitaje.

Alikaa kwenye kigoda akanitazama muda mrefu. Yeye alizungumza Kinyarwanda, mimi nakutafsiria kwa Kiswahili chetu cha hapa. Alisema, "Nimekuja kuona kama mutoto wangu alikufa peke yake, ama alikwenda na nyinyi wote."

Nikamletea maji ya kunywa na ndizi za kuchoma. Akasukuma sahani pembeni. "Nitakula na wenye nyumba," akasema. Nikamkumbusha kwamba sisi tumefunga mpaka jioni. Akaniambia, "Mi nimekaa na Waislamu tangu mama yako aolewe. Najua jua linazama saa ngapi."

Halafu akaanza kuniuliza. Aliuliza taratibu, hakuna mahali pa kukimbilia. Baba anakula? Hali. Anazungumza? Hazungumzi. "Na wewe unalia wapi?"

"Njiani, Nyogokuru. Nikienda Goma."

"Na mutoto?"

Nikasema, "Sifa halii." Sifa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Mi nalia chooni."

Mwanangu, jibu lile sijalisahau mpaka leo. Nilikuwa nimeishi na mtoto yule nyumba moja, godoro moja, nikimwosha na kumsuka, wala sikujua. Nyogokuru alimvuta akamweka mapajani, mtoto mkubwa na miguu yake mirefu ikiburuta chini. Akasema, "Nyumba ndogo hivi, na kila mutu ametafuta shimo lake la kulilia." Hakunigombeza kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia niache kukimbia kimbia, nikae. Nikamwambia chakula hakijaiva. Akaniambia, "Chakula kitaiva. We kaa." Nikakaa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukaa mchana tangu tulipomzika mama.

Jioni ilipokaribia aliniamuru nitandike mkeka sebuleni, si uani, na niweke chakula chote kwenye sinia moja. Kilikuwa chakula cha kawaida tu, ugali, sambaza za mchuzi, wale samaki wadogo wa ziwani, na sombe. Kisha akaingia ndani, akakaa mkekani, akanyoosha miguu yake yenye vumbi, sebuleni kwa mkwe wake.

Baba alirudi, akafungua mlango, akamwona. Aliinamisha kichwa hapo hapo na kurudi nyuma hatua moja. "Mabukwe, karibu sana," alisema, ndivyo tunavyomwita mama mkwe. "Mi nitakaa nje, nyinyi mukae kwa raha."

"Mukwe wangu, ingia. Mi sikutembea kutoka Nyundo nije kukaa na mulango."

Akaingia. Alikaa pembeni ya mkeka, upande mmoja wa makalio, macho kwenye sakafu, mtu mzima amekuwa mtoto wa shule. Adhana ikaita. Akanywa maji yake, akala tende yake, akamshukuru Mungu, kisha akasema maneno yale yale tuliyoyazoea. "Mi nimeshiba, mabukwe. Nyinyi kuleni."

Nyogokuru aliweka mikono yake mapajani. "Bon. Na mimi nimeshiba."

Baba akashtuka. "Umekula?"

"Tangu jana jioni sijakula kitu. Nimekwenda misa, nimeshuka kwa miguu, nimekungoja. Lakini mwenye nyumba akisema ameshiba, mugeni atakula nini?"

Sifa naye akaondoa mkono wake kwenye sinia. Na mimi. Tukakaa hivyo, mvuke wa mchuzi unapanda, hakuna anayegusa, na mimi nina njaa ya kufunga mchana kutwa. Baba akaanza kutokwa jasho. Umwelewe, mwanangu. Mama mkwe kulala na njaa nyumbani kwake ni aibu ambayo ukoo mzima ungeizungumza mpaka wajukuu. Na mama mkwe kula mbele yake, hiyo nayo ni aibu. Hakuwa na pa kupita.

Nyogokuru akamsaidia. Alikata tonge la ugali, akalichovya, akaliinua mpaka karibu na mdomo wake, akalisimamisha hapo. "Hizi ni aibu mbili," akasema. "Mi nimechagua yangu. Mutoto wangu amekufa, sina tena aibu ya kuchunga. Lakini sitakubali kukuzika na wewe. Nakungoja."

Mkono wake ulibaki hewani, mkono wa mzee aliyetembea na kukaa na njaa. Baba aliuona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimtazama usoni mama wa mke wake. Kisha akanyoosha mkono wenye kidole kilichofungwa kitambaa, akakata tonge, akala. Nyogokuru naye akala, mbele yake, akatafuna bila kujificha.

Akameza. Akasema, "Chumvi imezidi."

Baba akajibu, "Imezidi tangu Ramadhani ianze. Niliogopa kumwambia mutoto, anafanya kazi nyingi." Sifa akacheka, akajiziba mdomo. Na mimi nikacheka, kwa hasira na kwa upendo, maana nilikuwa nimejiona mpishi. Ndipo baba akasema, "Odeta ndiye alikuwa anatuonjea."

Odeta ni mama yangu. Lilikuwa halijasikika jina hilo kwetu tangu matanga. Lilitoka mdomoni kwake pamoja na ugali, na baada ya hapo hakuweza tena kujizuia. Alisema, "Jana nimekata mbavu zake. Sikufikiri, mukono umekata wenyewe, nikazitundika pembeni. Halafu nikakumbuka. Nikampa mama mumoja alikuwa anapita, hata simujui. Nikasema, nikipeleka nyumbani, watoto wataona ninawalazimisha kukumbuka."

Na mimi nilikuwa nimezingoja mbavu zile nijue kama anataka kukumbuka.

Baba akalia. Si machozi ya kufuta kwa kiganja, alilia kwa sauti, mbele ya watoto wake na mbele ya mama mkwe wake, mdomo una chakula. Wanaume wa hapa hawafanyi hivyo. Mimi nilichofikiria kwanza ni Vestina. Nikainuka haraka nifunge dirisha asisikie. Nyogokuru akanishika kitenge. "Wacha dirisha," akasema.

Nilikuwa bado nimesimama pale Vestina alipoingia. Hakubisha hodi. Alikuwa amefunga kitenge haraka haraka, miguu mitupu, amepita kwenye mwanya wa uzio. Baba akajaribu kujikusanya, akafuta uso kwa mkono wa shati. "Utusamehe, Vestina," akamwambia. "Utusamehe sana. Sisi tumepoteza mutu mumoja tu."

Vestina alikaa chini, karibu na mlango.

"Mumoja," alisema. "Hata wangu walikufa mumoja mumoja. Kila mutu na jina yake."

Akaendelea, na sasa alikuwa analia na yeye. "Odeta alikuwa rafiki yangu. Nimewangoja mulie, nije. Nikisikia kimya nasema labda kesho. Mumenifungia mulango miezi yote hii, muliona mimi nimeshiba misiba? Leo ni Noheli, nimekaa kule peke yangu kwenye giza, nasikia sahani zenu."

Baba aliinamisha uso. Alikuwa amenyamaza kwa ajili yake, na kunyamaza kule ndiko kulikomwacha peke yake. Nyogokuru alisogea mkekani, akapiga nafasi ile kwa kiganja, na Vestina akaja akakaa kati yake na Sifa, akatia mkono kwenye sinia.

Tulikula mpaka sinia likaonekana chini. Baba alikula kweli kweli, nami nilimtazama kila tonge linavyoshuka. Halafu tukazungumza juu ya mama. Vestina alituambia mambo ambayo hatukuyajua, kwamba mama alipoolewa aliogopa kuku, kwamba alimsema baba vibaya sana siku ambazo alichelewa kurudi, na jinsi alivyokuwa akikosea nyimbo za kanisani na kuziimba kwa nguvu zaidi pale pale anapokosea. Baba akasema, "Nilikuwa nasikia. Miaka yote nilikuwa nasikia." Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Ilikuwa Noheli, na ilikuwa futari, na hakuna aliyeuliza ni ipi.

Usiniulize kama huzuni iliisha siku ile. Haikuisha. Kwa miaka mingi baadaye baba alirudi kutoka buchani siku za sikukuu akiwa ameinama, akavua kofia, akasema, "Leo iko mubaya." Tofauti ni kwamba alisema. Na akisema, mmoja wetu alikwenda kukaa naye, hata bila maneno, tukamletea chai. Alizeeka, akawaona wajukuu. Kidole kile kilibaki na kovu.

Basi, mwanangu, sasa nikupe nilichokuitia.

Usipime msiba wako kwenye mizani ya msiba wa mwingine. Atakuwako daima aliyepoteza zaidi yako, na machozi yako hayamwibii kitu. Huyo unayemwonea haya ndiye pengine anayejua kukushika mkono kuliko wote. Sikukuu ikikaribia na moyo unakuwa mzito, mwambie mtu mmoja, kwa maneno ya kawaida tu, leo iko mubaya. Usingoje wakuulize, kwa sababu na wao wanangoja. Litaje jina la marehemu mezani, kwa sauti, kabla watu hawajaanza kulikwepa. Mkitaka kucheka mcheke, yeye hatachukia.

Na hizo mbio zako za sikukuu, punguza. Si lazima kila kitu kipikwe kama zamani, wala si lazima uonekane mwenye nguvu. Mimi nilisifiwa kwa nguvu zangu huku mdogo wangu analia chooni. Lala. Kula, hata kama huoni utamu. Pombe usiipe kazi ya kukuliwaza, haiiwezi. Na ukiona giza linazidi siku baada ya siku, hulali, huli, unawaza mabaya juu ya nafsi yako, hapo usijiambie kwamba ni sikukuu tu itapita. Nenda kwa muganga wa hospitali, kwa padri, kwa shekhe, kwangu mimi, popote penye mlango, useme. Tangu siku hizo zetu nchi hii imejifunza kusikiliza watu wenye majeraha, si aibu tena kwenda kukaa mbele ya mtu na kulia.

Neno la mwisho. Mama yako alinipigia simu jana. Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini nishakuwa mzee, siri zinanitoka. Aliniambia, "Dada Amina, mutoto hataki kusikia habari za baba yake, kwa hiyo nimenyamaza, nimemwacha na kazi zake." Na wewe asubuhi hii umeniambia nini, ulipoweka mfuko wako hapo mlangoni? Umeniambia hurudi kwa sababu mama hataki kusikia. Mko wawili tu katika nyumba ile, na kila mmoja anamlinda mwenzake mpaka mwenzake amfie.

Nenda, mwanangu. Ukifika usiseme mengi, keti naye, mule sahani moja. Mungu wa mama yangu na wa baba yangu, ambaye mimi sikuwahi kuona ni wawili, akutangulie njiani. Akupe machozi yanapohitajika na kicheko bila kujilaumu. Akupe jirani anayekuja bila kubisha hodi. Na mama yako akufungulie kabla hujagonga. Imana ikurinde, Mungu akulinde, wewe na nyumba yako, sikukuu hii na zote zinazokuja.